Mwanga Ulitangulia, Kishindo Kikafuata

Jumatatu, 3 Machi

"Milipuko yetu haivuki uzio wa machimbo." Hayo ni maneno ya meneja wa machimbo ya kokoto, gazetini leo, ukurasa wa tatu, chini ya picha yake akiwa amevaa kofia ngumu ambayo bado ina stika ya dukani. Haivuki uzio! Basi kilichovuka leo saa kumi na moja kasoro dakika kumi jioni, kikafika ghorofa ya nne ya jengo letu na kukichezesha kikombe changu juu ya kisahani, ni kitu gani? Salamu? Nimeishi hapa miaka kumi na tisa. Ufa ulioanzia juu ya dirisha la jikoni mwaka juzi sasa umefika kwenye swichi ya taa. Ufa nao umevuka uzio?

Nitaandika kila mlipuko humu, saa na dakika, mpaka mvua za msimu huu ziishe. Halafu nitampelekea meneja daftari lote alisome kwa sauti mbele ya wafanyakazi wake.

Jumanne, 4 Machi

Saa kumi na moja kasoro dakika tano. King'ora mara tatu, kishindo, kisha king'ora kimoja kirefu cha kusema salama. Kikombe kimecheza.

Jumatano, 5 Machi

Saa kumi na moja kamili. King'ora, kishindo, king'ora. Kikombe. Mvua ya kwanza imenyesha robo saa, ikaacha matope tu.

Alhamisi, 6 Machi

Kikombe.

Jumapili, 9 Machi

Mdogo wangu amekuja na mkewe. Machimboni wanamwita Kimya. Ni jina zuri kwa fundi baruti, mtu ambaye kazi yake ni kupiga kelele kubwa kuliko zote mjini. Ndiyo, mdogo wangu wa tumbo moja ndiye anayenichezeshea kikombe, na hilo nimeliandika gazetini waziwazi ili asitokee mpumbavu wa kunigundulia siri.

"Dada, nasikia umeandika tena kuhusu kikombe," akasema, akijimiminia chai kwenye kikombe hicho hicho.

"Nitaandika mpaka meneja wako akome."

"Meneja sawa. Lakini usiandike kwamba tunalipua ovyo. Mimi sijawahi kulipua bila king'ora."

Wifi akadakia: "Huyu? Huyu hata akitaka kukohoa kitandani anatangaza kwanza. Mara tatu!"

Tukacheka mpaka chai ikamwagika. Baadaye, tukiosha vyombo, Wifi akaniambia bila kucheka: "Wifi, wewe ukiandika meneja hapati kitu. Anayetazamwa vibaya sokoni ni mimi." Nikamjibu kwamba hoja yangu ni ya haki na haki haiangalii sura ya mtu. Akaendelea kufuta sahani. Nadhani amenielewa.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika kwa mshumaa. Mkono unatetemeka na sijali, nitaandika hivyo hivyo.

Mvua ya mchana ilikata saa kumi na mbili, mbingu ikawa safi. Leo mlipuko ulikuwa saa kumi na moja na robo, nao ulikuwa dhaifu, nusu ya kawaida yake. Saa moja na dakika kumi jioni nilikuwa juu ya paa naanua nguo zilizonyeshewa. Nilikuwa nimeupa mgongo upande wa kaskazini, nikashika shati ili nitoe vibanio, na ghafla nikasoma lebo ya shati. Gizani. Nikasoma hata maandishi madogo ya namna ya kupiga pasi.

Kisha kivuli changu kikatembea.

Sijui nieleze vipi. Nilikuwa nimesimama tuli, lakini kivuli changu ukutani kilitoka kulia kikaenda kushoto, na vivuli vya nguo zote kwenye kamba vikakifuata. Mashuka, soksi, gauni langu, vyote vilikuwa kama umati unaokimbia mahali fulani. Nikageuka. Kulikuwa na kitu angani, cheupe kama cheche ya mashine ya kuchomelea, chenye ukingo wa kijani, kikishuka kwa mshazari. Hakikuwa na sauti yoyote. Kikavimba. Nikajikinga macho kwa shati na bado nikaona mwanga ukipenya kwenye nyuzi. Uso wangu ulipata joto, naapa. Kikavunjika vipande vitatu, vikazimika kimoja kimoja upande wa machimbo, chini kabisa, karibu na ule mlima wa kokoto. Kikabaki kifereji cha moshi kinachong'aa kilichoanza kujipinda taratibu.

Nimesoma vitabu vingi kuliko inavyofaa afya ya mtu, na wakati ule sikukumbuka neno hata moja. Nilikuwa nimeng'ata kibanio cha nguo, na mate yalikuwa yanatiririka hadi shingoni.

Nikabeba beseni nikashuka. Ghorofa ya tatu watoto walikuwa wanalia. Chini kabisa fundi cherehani alikuwa amesimama mlangoni pake na mkasi mkononi. "Umeona? Transfoma imepiga shoti!" Nikamwambia aache ujinga, transfoma haipiti angani. Akasema basi ni ndege. Nikasema ndege ina sauti. Akasema labda imezima injini kubana mafuta. Nikawa nafungua mdomo kumjibu.

Hapo ndipo dunia ilipopigwa.

Sikukisikia kishindo kwa masikio, nilikisikia kwa meno. Dirisha la fundi liliingia ndani lote kwa pamoja, kama mtu amelisukuma kwa mabega. Nilijikuta nimekaa sakafuni na beseni kichwani. Halafu vishindo vingine viwili vidogo. Halafu kimya, na katika kimya kile vioo vikawa vinaanguka mtaa mzima, juu, chini, mbali, karibu, kwa muda mrefu sana. Fundi alikuwa bado ameshika mkasi. Damu ilikuwa inamtoka sikioni naye hakujua, akaniuliza: "Dada, umeumia?"

King'ora sikukisikia. Si kabla wala baada.

Saa tatu kasoro. Mhariri amepiga simu. Hospitali imepoteza madirisha ya upande mzima, muuguzi mmoja jicho limekwenda. Anataka maneno mia nane kabla ya saa nne. "Wewe ndiye uliyepiga kelele kuhusu machimbo miaka miwili," amesema. "Usiku wa leo ni wako."

Nimeshaandika na kutuma. Nimeandika kwamba mwanga na kishindo vilitoka machimboni, mahali pamoja na kwa wakati mmoja, nami niliviona kwa macho yangu. Mambo ya ngazi na fundi nimeyaacha. Yangemchanganya msomaji.

Ijumaa, 14 Machi

Alfajiri amekuja mpelelezi wa polisi na gazeti kwapani. Makala yangu ipo ukurasa wa kwanza. Akaniuliza kama niko tayari kuyatia saini niliyoandika. Nilikunywa chai, nikayasoma upya, nikaona yamekaa vizuri, nikasaini kurasa zote mbili.

Saa sita mchana Wifi akaingia bila kubisha hodi, kanga moja begani na nyingine ikiburuzika chini.

"Wamemchukua."

"Nani?"

"Nani mwingine ninaye mimi?"

Jana jioni, katika machimbo yote, mtu pekee aliyekuwepo ni Kimya. Mlipuko wa saa kumi na moja na robo ulikuwa dhaifu kwa sababu tundu moja liligoma, yaani baruti ilipakiwa, moto ukapelekwa, haikulipuka. Kanuni yao ni kwamba tundu likigoma, aliyelipakia ndiye anayelilinda. Hakuna anayeruhusiwa kulikaribia mpaka asubuhi, naye halali. Hivyo wenzake walikwenda nyumbani, yeye akabaki na tochi na koti la mvua. Polisi walipofika usiku waliukuta ukuta wa mwamba umeporomoka juu ya tundu, naye amesimama kando peke yake, vumbi mpaka kwenye kope. Meneja amesema fundi alijaribu kulilipua lile tundu kwa siri ili asionekane ameshindwa kazi.

Wifi akalitoa gazeti, akaliweka mezani, akalinyoosha kwa kiganja.

"Nisomee."

"Wifi, unajua kusoma."

"Najua. Nataka nikusikie wewe ukiyasema."

Nikasoma. Maneno mia nane. Nilipofika kwenye "kwa macho yangu", akanyanyuka, akajifunga kanga kiunoni, akatoka. Mlango aliufunga polepole sana. Ningependa angeubamiza.

Jumapili, 16 Machi

Makala yangu imekatwa gazetini na kubandikwa kwenye lango la Wifi. Mtu amepigia mstari "mahali pamoja na kwa wakati mmoja" kwa kalamu nyekundu. Mvua kubwa, lakini wametumia gundi nzuri.

Jumanne, 18 Machi

Kuna barua gazetini ya mwalimu wa fizikia wa shule ya sekondari, mwanamke. Anasema tulichokiona ni kimondo, jiwe la angani lililowaka na kupasuka juu sana, na kwamba mwanga wa namna hiyo hufika papo hapo ilhali kishindo chake huja dakika kadhaa baadaye. Anawaomba walioviona vyote viwili wakumbuke muda uliopita katikati.

Mhariri anataka jibu kesho. Nimefikiri sana. Nikirudi nyuma leo, mji mzima utasema nimerudi kwa ajili ya damu yangu. Miaka ishirini na mitano ya kuandika bila kumpendelea mtu, kisha nianguke kwa ndugu? La. Kimya alitumwa na meneja, hilo ndilo ninaloliamini, nami nitamwandama meneja mpaka aseme. Hakuna haja ya kuokota mawe angani.

Jumatano, 19 Machi

Jibu langu limetoka. Sehemu iliyopendwa zaidi: "Kama kishindo kilichelewa dakika kadhaa, tungependa Mwalimu atuambie kilipitia wapi. Kilisimama njiani kunywa chai?" Mhariri anasema watu wanakata vipande vyake na kutumiana.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua.

Jumamosi, 22 Machi

Nimeruhusiwa dakika kumi rumande. Kimya amekonda mashavu. Tulitenganishwa na wavu, na askari alikuwa pembeni akijichokoa meno. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Nilikuwa na hoja sita.

Akaniuliza: "Huko nje mvua inanyesha?"

"Inanyesha."

"Kwa nguvu?"

"Tangu jana haijakata. Shimo la machimbo limejaa maji, kazi imesimama."

Akafumba macho. "Afadhali."

Nikamwambia sikuja kuzungumzia mvua. Nikamuuliza kama meneja ndiye aliyemwamuru alipue. Akanitazama kama mtu anayetazama mgonjwa.

"Dada. Sikulipua."

"Ukuta uliporomoka."

"Uliporomoka kwa kile kishindo. Mwamba ulikuwa umeshaachia tangu jioni, ungeangushwa hata na mlango. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo nauangalia mwanga ule, nikasema leo nimekwisha. Haukunifanya kitu. Nikakaa. Nikaanza kuwaza nitakavyomsimulia mke wangu. Ndipo kikaja."

"Na tundu?"

"Liko pale pale, chini ya kifusi, na chakula chake chote ndani. Kilo kumi na mbili. Baruti ya siku hizi haiogopi maji, inaweza kukaa humo mwezi." Akashika wavu. "Ukuta wa mashariki, hatua kumi na nne kutoka ngazi ya chuma. Mvua ikiisha watavuta maji, kisha watapeleka tingatinga lizoe kifusi, kwa sababu wanaamini limeshalipuka. Nimemwambia mpelelezi. Nimemwambia wakili. Wananiambia yupo shahidi aliyeliona likilipuka."

Askari akasema muda umekwisha.

"Mimi watanifunga au watanitoa, hilo lao," akasema Kimya, amekwisha geuka. "Lakini dereva wa tingatinga nimempakia mimi mzigo ule chini ya miguu yake. Kamwambie dada yangu yule mwandishi."

Ndivyo alivyosema. Kamwambie dada yangu. Kama vile mimi niliyesimama pale ni mtu mwingine.

Jumapili, 23 Machi

Sikulala. Asubuhi nikaenda kwa mwalimu wa fizikia. Nilimkuta anasahihisha madaftari, kalamu nyekundu sikioni. Alinitambua. Hakunikaribisha kiti, nikakaa.

"Umekuja kuuliza kilinywa chai na sukari au bila?"

Nililistahili hilo. Nikamwomba anieleze tena, polepole.

"Dirisha lako liko umbali gani na machimbo?"

"Kilomita mbili."

"Sauti huchukua sekunde tatu kwa kilomita, kukadiria tu. Kwa hiyo baruti ikilipuka kule, unaona, unahesabu sita, unasikia. Wewe ulipoona mwanga ulikuwa wapi?"

"Juu ya paa."

"Na uliposikia?"

Nikatazama madaftari yake. Nikasikia sauti yangu ikisema: "Chini. Dukani kwa fundi cherehani. Tulikuwa tunabishana."

"Una miaka mingapi, mama?"

"Hamsini na mbili."

"Unashuka ghorofa nne na beseni kwa sekunde sita?"

Mchana nikamwomba fundi cherehani tujaribu. Nikapanda na beseni lenye nguo zile zile, yeye akashika simu yenye saa. Nikapiga kelele, nikaanza kushuka. Sekunde sita zilipokwisha nilikuwa ngazi ya tisa. Nilipofika chini fundi, bandeji sikioni, akakataa kusimamisha saa.

"Bado! Mimi nilisema transfoma. Wewe ukasema acha ujinga. Sema!"

"Acha ujinga."

"Nikasema ndege."

"Ndege ina sauti."

"Nikasema imezima injini kubana mafuta." Akasimamisha. "Dakika mbili na sekunde hamsini. Sasa tubishane nini?"

Nimerudi juu nikafungua daftari hili, siku ya tarehe kumi na tatu. Yote yamo. Nilishuka, watoto walilia, tulibishana, ndipo. Niliandika kwa mkono wangu, nikiwa bado natetemeka, kabla mtu yeyote hajaniuliza. Na chini yake, kwa mwandiko uliotulia, nimeandika kwamba nimeyaacha kwa sababu yangemchanganya msomaji. Saa mbili tu zimepita kati ya aya ile na hii! Nimetumia maisha yangu kuwakamata watu wakisema uongo, na huu ulilala kwenye meza yangu ya jikoni siku kumi.

King'ora nacho. Niliandika kwamba sikukisikia, nikakitumia kumhukumu. Mtu asiyelipua bila king'ora, na king'ora hakikulia. Nilihitaji nini zaidi?

Jumatatu, 24 Machi

Mpelelezi amenisikiliza kwa adabu.

"Sasa mama, tukuamini wewe wa tarehe kumi na nne au wewe wa leo?"

Nikampa shajara. Akaisoma, akanirudishia.

"Hii ni shajara ya dada wa mtuhumiwa."

"Nilikuwa dada yake hata siku niliyosaini."

"Siku ile ulimshtaki, kwa hiyo ulikuwa shahidi mwema. Leo unamtetea. Mahakama itasema nini?"

Nikaitia shajara kwapani, nikatoka.

Jumanne, 25 Machi

Meneja alinipokea ofisini, safari hii bila kofia. Nikamweleza kuhusu kifusi. Hatua kumi na nne, ngazi ya chuma, kilo kumi na mbili.

"Mama mwandishi," akasema, "mimi si fundi baruti. Mimi nimesoma gazeti. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba tundu lililipuka."

"Nilikosea."

"Andika basi."

Akasema hivyo akitabasamu, kwa kuwa aliishi nami magazetini miaka miwili na alijua jinsi ninavyoshindwa kuliandika neno hilo.

Jumatano, 26 Machi

Mhariri hataki. "Wasomaji wanakupenda kwa sababu huombi radhi. Na muuguzi wa watu amepoteza jicho, wataka nimwambie amelipoteza kwa jiwe la angani? Ngoja kesi iishe." Nikamwambia kuna watu watazikwa. Akasema kesi ni mwezi wa tano.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua. Nashukuru.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua nyepesi. Mtaa mzima unaomba jua. Mimi nimesimama dirishani nikihesabu mawingu na kuyasihi yabaki.

Jumapili, 30 Machi

Manyunyu. Yamekata saa tano.

Jumatatu, 31 Machi

Jua. Jua kali, baya, la furaha, na watoto wote wako barabarani.

Jumanne, 1 Aprili

Pampu zimeanza machimboni. Nazisikia kutoka hapa, usiku na mchana.

Alhamisi, 3 Aprili

Tangazo liko langoni mwa machimbo: kazi inaanza tena Jumatatu, zamu ya asubuhi, kuzoa kifusi ukuta wa mashariki.

Nimekwenda kwa Wifi. Hajanisemesha tangu siku ile. Alikuwa anasugua lango kwa kisu, anabandua mabaki ya makala yangu, gundi imegoma. Nikachukua kisu kingine jikoni kwake, nikaanza kusugua upande wa pili. Tulifanya hivyo nusu saa.

"Wifi," akasema mwisho, "aliyebandika hii ni mke wa dereva wa tingatinga. Nilimwona. Ana mapacha."

"Umemwambia alichosema Kimya?"

"Nimekwenda kwake mara mbili. Ananionyesha gazeti." Akaendelea kusugua. "Anasema, wifi yako msomi mkubwa, hawezi kumwandikia uongo mdogo wake mwenyewe. Ingekuwa si kweli angemficha. Ndivyo wanavyosema wote."

Nikaacha kusugua. Watu wameniamini kwa sababu sikumpendelea ndugu yangu. Wema wangu huo ndio utakaompeleka mume wa mtu juu ya kilo kumi na mbili.

Ijumaa, 4 Aprili

Nilifika kwa mhariri kabla hajavua koti.

"Nipe ukurasa mmoja, kesho," nikamwambia. "Halafu nafasi yangu mpe mtu mwingine. Sitaandika tena hapa."

"Unatania."

"Umewahi kunisikia nikitania asubuhi?"

Akakaa. Akauliza nitaandika nini. Nikamwekea daftari hili mezani. Akalisoma lote, koti bado mwilini, na alipofika kwenye simu yake ya tarehe kumi na tatu akakohoa. "Hiki kipande changu kitatoka pia?"

"Kitatoka. Changu kimetoka chote."

Akaligeuza geuza daftari. Kisha akaita chumba cha kupanga kurasa.

Jumamosi, 5 Aprili

Hayo yote hapo juu ndiyo niliyoyaandika, siku kwa siku, na mengine yananiaibisha. Sikuyapamba. Sasa nazungumza na watu wachache tu, wengine mnaweza kufunga gazeti.

Ninyi mliokuwa nje jioni ya tarehe kumi na tatu mkaona vivuli vyenu vikitembea: kumbukeni mlifanya nini kati ya mwanga na kishindo. Mlifunga duka? Mlimaliza sala? Mlimwogesha mtoto? Nendeni mkamwambie mpelelezi, mmoja mmoja, hadi achoke kuandika. Mimi ni dada, haniamini. Ninyi si dada zake wote.

Mama wa mapacha: hukukosea kuniamini. Mimi ndiye niliyekuandikia uongo. Leo naomba uniamini mara moja tena, na kama huwezi, basi mkasirikie mwanamke huyu aliyekudanganya kiasi cha kumfungia mumeo ndani ya nyumba Jumatatu.

Na ninyi wa zamu ya asubuhi. Wewe wa tingatinga, ninyi wanne wa kutoboa miamba, wewe unayesimama chini na bendera. Ukuta wa mashariki, hatua kumi na nne kutoka ngazi ya chuma, kuna tundu ambalo halijalipuka. Niliyewaambia limelipuka ni mimi, nami sikuliona, niliona kimondo. Mkiambiwa mshuke, mwambieni meneja atangulie yeye, asimame hatua ya kumi na nne, nanyi mtamfuata. Hatatangulia. Mkiambiwa mtafukuzwa kazi, fukuzweni. Kuna fundi mmoja tu anayejua alilipakia vipi na namna ya kulitoa, naye yuko rumande. Dai letu ni hilo: aletwe pale, hata kwa pingu, alitoe mwenyewe.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi mimi na Wifi tutakuwa tumesimama langoni mwa machimbo. Msitupite.